Disketi Mpya Kabla ya Kutumika

Disketi mpya iliyotolewa kwenye boksi lake haikuweza kuhifadhi hata herufi moja. Ndani ya ganda jeusi kulikuwa na duara la plastiki nyembamba lililopakwa oksidi ya chuma, na uso wa duara hilo ulikuwa mtupu kabisa: hapakuwa na mahali palipoitwa mwanzo, wala alama ya kuonyesha wapi pa kuandika na wapi pa kusoma. Kompyuta iliyopewa disketi ya namna hiyo ilitoa mlio, ikajaribu mara kadhaa, kisha ikasema haiwezi kuisoma. Ilibidi kwanza ifomatiwe. Katika miaka ya 1980 kazi hiyo ilikuwa ya mtumiaji mwenyewe, kwa sababu kiwanda kilichotengeneza disketi hakikujua itakwenda kutumika kwenye kompyuta ya aina gani.

Disketi ya inchi 5¼ iliingia sokoni mwaka 1976 pamoja na kiendeshi cha kampuni ya Shugart Associates ya Marekani, na ndani ya miaka michache kompyuta ndogo karibu zote zilikuwa zikiitumia. Umbo lilikuwa moja, lakini mpangilio ulitofautiana. Apple II iliigawa disketi katika njia 35, yaani pete zinazozunguka kitovu, zenye sekta, yaani vipande, 16 kila moja, jumla kilobaiti 140, na amri yake ya kufomati, INIT, iliacha katika kila disketi nakala ya mfumo pamoja na programu ndogo ya kuanzia ambayo kwa desturi iliitwa HELLO. Kiendeshi cha Commodore 1541 nacho kilikuwa na njia 35, ila njia za nje, kwa kuwa ni ndefu zaidi, zilipewa sekta 21 na za ndani 17. Disketi mbili kutoka boksi moja, moja ikifomatiwa kwa Apple na nyingine kwa Commodore, hazikuweza kubadilishana chochote. Kinachoelezwa hapa ni mpangilio wa IBM PC na kompyuta zilizoiga muundo wake, kwa kuwa hizo ndizo zilizojaa maofisini, na ndizo waliojifunza kompyuta Nairobi au Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 wanazozikumbuka zaidi.

IBM PC ilitangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Toleo la kwanza la mfumo wake, DOS 1.0, lilitumia upande mmoja tu wa disketi: njia 40, kila njia sekta nane, kila sekta baiti 512, yaani kilobaiti 160. Mwaka uliofuata DOS 1.1 ikaanza kutumia pande zote mbili, na Machi 1983 DOS 2.0 ikaongeza sekta ya tisa katika kila njia. Hapo ndipo ilipopatikana disketi ya kilobaiti 360, ambayo ilidumu kwa miaka mingi na ambayo kwa wengi ndiyo disketi yenyewe.

Kufomati disketi hii kulikuwa na kazi mbili zilizofanywa na programu moja, FORMAT. Ya kwanza ilikuwa kuchora njia na sekta. Inalingana sana na kazi ya mpima viwanja anayeweka mawe ya mipaka kabla mtu hajaruhusiwa kujenga. Kiendeshi kiliizungusha disketi mara 300 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ulichukua sehemu ya tano ya sekunde. Kichwa cha kuandikia kilisogezwa hadi njia ya nje kabisa, namba 0, kikasubiri tundu dogo lililo karibu na kitovu cha disketi lipite mbele ya mwanga wa kiendeshi, kisha kikaandika mzunguko mzima kwa mkupuo. Katika mzunguko huo ziliandikwa anwani za sekta tisa. Kila anwani ilitaja namba ya njia, upande wa disketi, namba ya sekta na ukubwa wake, ikafungwa kwa baiti mbili za uhakiki. Baada ya anwani iliachwa nafasi fupi, kisha ukaja uwanja wa baiti 512 za data, ambao FORMAT iliujaza thamani ile ile, 246, kutoka mwanzo hadi mwisho, nao ukafungwa kwa baiti mbili nyingine za uhakiki. Halafu nafasi tena, na anwani ya sekta ya pili.

Nafasi hizo zinaonekana kama upotevu, na zilikula sehemu kubwa kweli. Mzunguko mmoja ulikuwa na uwezo wa kubeba takriban baiti 6,250, lakini sekta tisa za baiti 512 ni baiti 4,608 tu. Kwa disketi nzima, baiti 500,000 za uwezo wa asili ziligeuka kuwa 368,640. Sababu iko kwenye mota. Hakuna mota mbili zinazozunguka kwa kasi moja kamili, na hata mota moja hubadilika kidogo ikipata joto au mkanda wake ukilegea. Kiendeshi kinachozunguka haraka kidogo kuliko kile kilichofomati kitaandika data inayochukua urefu mkubwa zaidi kwenye duara, na bila nafasi ya kupumulia mkia wa sekta moja ungefuta anwani ya sekta inayofuata. Anwani zenyewe ziliandikwa mara moja tu, wakati wa kufomati. Baada ya hapo kompyuta ilizisoma maelfu ya mara bila kuziandika upya, na disketi yote ikategemea jinsi kiendeshi kilivyokuwa siku ile. Jambo hili halikuelezwa katika vitabu vingi vya mwongozo, na ndilo linaloeleza mikasa mingi ya disketi iliyoonekana haina sababu.

Aliyekaa mbele ya kompyuta alisikia zaidi kuliko alivyoona. Kompyuta ya kawaida ya ofisi ndogo ilikuwa na viendeshi viwili na haikuwa na diski kuu. Disketi ya DOS iliwekwa katika A, disketi mpya katika B, kitasa cha kiendeshi kikageuzwa hadi kiweke kichwa mahali pake, na amri ikaandikwa: FORMAT B: kisha Enter. Programu iliomba disketi mpya iwekwe na kitufe kibonyezwe. Taa nyekundu ya kiendeshi ikawaka, na ukaanza mlio wa hatua: tiki, kimya kifupi, tiki, kila tiki ikiwa kichwa kinahama njia moja kuelekea ndani. Katika kimya kile kichwa kilikuwa kinaandika na kisha kusoma kilichoandikwa ili kukihakiki, upande mmoja na halafu upande wa pili. Mizunguko minne kwa njia 40 ni sekunde 32, na ukiongeza muda wa kuhama kazi ilichukua karibu dakika moja. DOS 2 ilionyesha tu kwamba inafomati, DOS 3.3 ilitaja namba ya upande na ya njia zikipanda moja baada ya nyingine. Fundi mzoefu hakuhitaji kutazama skrini. Mlio ukikwama sehemu moja na kuanza kurudiarudia, alijua kuna sekta mbovu kabla programu haijasema.

Kazi ya pili ilikuwa ya kimaandishi. Njia zikiisha kuchorwa, FORMAT ilirudi kwenye njia 0 na kuandika sekta 12 za utawala wa disketi. Sekta ya kwanza ilikuwa ya kuwashia. Nne zilizofuata zilibeba nakala mbili za jedwali la mgawo, linaloonyesha kila faili limekaa wapi na linaendelea wapi. Mtindo wa jedwali hilo ulianzia katika kazi ya Marc McDonald wa Microsoft mwaka 1977. Saba za mwisho zilikuwa orodha ya mafaili. Zikabaki sekta 708 kwa ajili ya mtumiaji, na ndiyo maana skrini ilimalizia kwa namba ambayo wengi waliijua kwa moyo bila kujua ilikotoka: baiti 362,496.

Sekta saba za orodha zina athari ambayo makarani waliigundua kwa taabu. Zilitosha majina 112 na si zaidi, hata kama nafasi ipo. Katika ofisi ambako mwandishi wa kumbukumbu hizi alijifunzia kazi, barua zote za mwaka ziliwekwa kwenye disketi moja, barua fupi za aya mbili au tatu. Siku moja disketi ikakataa kupokea barua mpya huku ikionyesha kwamba zaidi ya nusu yake iko wazi. Kila mtu alidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika, orodha ilikuwa imejaa. Dawa yake ilikuwa kuunda saraka ndogo mara tu baada ya kufomati, moja kwa kila mwezi au kila idara, kwa kuwa saraka ndogo haikuwa na kikomo hicho, na kuiacha orodha kuu ikiwa na majina machache. Tangu hapo, maandalizi ya disketi katika ofisi ile hayakuisha pale FORMAT ilipomaliza. Yaliisha saraka zilipokwisha kuundwa na lebo kubandikwa.

Kulikuwa na uamuzi mwingine uliotakiwa kufanywa mapema: je, disketi itakuwa ya kuwashia kompyuta au ya kuhifadhia tu? Kwa kuandika FORMAT B: /S, mtumiaji aliamuru mafaili ya mfumo yanakiliwe pia. Mawili kati ya hayo, IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, yalifichwa yasionekane katika orodha na yalipaswa kukaa mwanzoni kabisa mwa eneo la data, kwa hiyo hayakuweza kuongezwa kirahisi baadaye kwenye disketi iliyokwisha kujaa. Mfumo ulikula makumi kadhaa ya kilobaiti. Disketi ya kuhifadhia barua haikuuhitaji, na kuuweka kila mahali ulikuwa ubadhirifu; disketi ya programu ya uhasibu au ya kuchapa, kwa upande mwingine, ilipendeza zaidi ikiwa na mfumo, kwani mtumiaji aliiweka katika A asubuhi, akawasha, akaanza kazi.

Hatari kubwa ya FORMAT ilitokana na utii wake. Kwa disketi iliandika upya kila sekta, kwa hiyo kilichokuwemo kilipotea moja kwa moja, tofauti na kufuta faili kwa DEL, amri iliyobadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuachia nafasi ya faili katika jedwali la mgawo, huku data yenyewe ikibaki mahali pake. Katika matoleo ya awali, mtu aliyeandika FORMAT bila kutaja herufi alifomati kiendeshi alichokuwa amesimama juu yake, na kwenye kompyuta yenye diski kuu kiendeshi hicho kilikuwa C. Ulinzi wa disketi ulikuwa ubavuni mwake, katika pengo dogo la mraba lililokatwa pembeni ya ganda. Kiendeshi kilikubali kuandika kama pengo liko wazi. Likizibwa kwa kipande cha utepe wenye gundi, kilikataa. Maboksi yalikuja na vipande hivyo, navyo vilikuwa vya kwanza kupotea. Disketi ya DOS iliyokaa katika A bila utepe ilikuwa kosa moja la kidole mbali na kufutwa. Programu nyingi zilizonunuliwa zilikuja kwenye disketi zisizo na pengo kabisa, na kanuni iliyosaidia ofisi nyingi ilikuwa kuiga hilo: disketi ya asili inazibwa, inanakiliwa kwa DISKCOPY, ambayo ilifomati yenyewe disketi mpya huku ikinakili, kisha ya asili inafungiwa kabatini.

Mafunzo magumu zaidi yalikuja baada ya Agosti 1984, IBM ilipotoa PC AT yenye kiendeshi cha megabaiti 1.2. Kiendeshi hicho kilikuwa na njia 80 mahali pa 40, sekta 15 kwa njia, na kilizunguka mara 360 kwa dakika. Disketi zake zilifanana kabisa kwa nje na zile za zamani, lakini upako wake ulihitaji nguvu ya sumaku takriban mara mbili ya ule wa disketi ya 360. Aliyechukua disketi ya bei nafuu ya 360 na kuifomati kwa megabaiti 1.2 alipata orodha ndefu ya sekta mbovu. Mbaya zaidi, mara nyingine alifanikiwa, akaandika kazi yake, na baada ya wiki kadhaa haikusomeka.

Tatizo la kinyume lilikuwa la hila zaidi. Ili njia 80 zienee, kichwa cha kiendeshi kipya kilikuwa chembamba, karibu nusu ya upana wa kile cha zamani. Kiliweza kusoma disketi ya 360 bila shida. Kilipoandika juu yake, kiliandika mstari mwembamba katikati ya njia pana, na maandishi ya zamani yakabaki kingoni pande zote mbili. Kiendeshi kile kile kilisoma mstari wake vizuri na kila kitu kikaonekana sawa. Disketi iliporudishwa kwenye kompyuta ya zamani, kichwa kipana kilisoma mstari mpya na mabaki ya kingo kwa pamoja, kikapata mchanganyiko usioeleweka. Karani aliyepeleka ripoti kutoka ofisi yenye AT kwenda ofisi yenye PC ya zamani aliambiwa disketi yake ni mbovu, akarudi nayo, ikasomeka. Akaenda tena, ikakataa. DOS 3 ilikuwa na chaguo la /4 kwa ajili ya kufomati disketi ya 360 ndani ya kiendeshi cha 1.2, na lilifaa kwa disketi mpya ambayo haijawahi kuandikwa, kwa kuwa kingoni hakukuwa na mabaki. Kwa disketi iliyokwisha kutumika halikuwa la kutegemewa.

Hata viendeshi vya aina moja vilitofautiana. Kiendeshi kilichogongwa wakati wa kusafirishwa, au kilichotumika kwa miaka mingi, kilisogeza kichwa chake sehemu ndogo ya milimita kutoka kwenye mstari. Kilifomati kwa upotovu huo, kikaandika kwa upotovu huo, kikasoma bila kulalamika. Mashine nyingine haikuweza. Mafundi walikuwa na disketi maalumu za kupimia na bisibisi ya kurekebishia, lakini mtumiaji wa kawaida alijifunza njia rahisi na ya busara: kazi inayopelekwa mahali pengine iandikwe kwenye disketi iliyofomatiwa na mashine ya anayepokea. Waliozoea kusafirisha kazi kati ya ofisi walikwenda na disketi tupu, wakaomba ifomatiwe huko, wakarudi nayo. Kwa mtazamo wa makala haya, hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote zilizozaliwa katika miaka ile.

Sekta mbovu hazikuwa sababu ya kutupa disketi kila mara. FORMAT iliziandika katika jedwali la mgawo ili zisitumike, na kutaja mwishoni ni baiti ngapi zimepotea. Hata hivyo disketi mpya yenye sekta mbovu ilistahili kurudishwa dukani, kwani upako ulioanza kuachia sehemu moja huendelea. Njia 0 ikiwa mbovu hapakuwa na la kufanya, maana utawala wote ulikaa hapo.

Mkono ulihitaji adabu pia. Katika ganda kulikuwa na dirisha la mviringo ambalo kichwa kilipitia kugusa uso wa duara, na alama ya kidole mahali pale ilitosha kuharibu njia kadhaa. Lebo iliandikwa kabla ya kubandikwa. Ikishabandikwa, kalamu ya ncha laini tu ndiyo iliyoruhusiwa, kwa sababu ncha ngumu ya kalamu ya kawaida iliacha mfereji katika plastiki iliyo chini. Simu ya mezani yenye kengele ilikuwa na sumaku, na spika vilevile. Pwani kulikuwa na adui wa ziada, unyevu. Disketi zilizokaa miezi kadhaa kabatini bila kutumika ziliota kuvu, nyuzi nyeupe zilizoonekana dirishani mtu akizungusha kitovu kwa vidole taratibu. Disketi ya namna hiyo ikiingizwa katika kiendeshi, uchafu ulihamia kwenye kichwa, na kichwa kikakwaruza disketi zote zilizofuata hadi mtu alipokisafisha kwa spiriti.

Sekta ya kuwashia inahitaji maelezo yake. FORMAT iliweka pale programu fupi hata kwenye disketi isiyo na mfumo. Kazi yake ilikuwa kutoa taarifa kwamba disketi hii haiwashi kompyuta. Kwa kuwa ilikuwa programu, iliendeshwa kila mara disketi iliposahauliwa katika A wakati wa kuwasha. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walisambaza Brain, virusi vya kwanza vya IBM PC vilivyoenea sana, na vilikaa mahali pale pale. Sehemu iliyobaki ya virusi ilijificha katika sekta zilizotiwa alama ya ubovu kwenye jedwali, ambazo DOS haikuzigusa. Kufomati upya kuliviondoa, mradi kompyuta yenyewe iwe imewashwa kwa disketi safi iliyozibwa pengo. Kwenye kompyuta iliyoambukizwa, disketi iliyotoka kufomatiwa iliambukizwa papo hapo.

Disketi za ganda gumu za inchi 3½, za kilobaiti 720 na kuanzia 1987 za megabaiti 1.44, zilipunguza mengi ya mashaka haya, kwani kifuniko cha chuma kilifunika dirisha na kitelezi kilichukua nafasi ya utepe. Katika miaka ya 1990 disketi zilizofomatiwa kiwandani zikaenea madukani, na mtumiaji mpya hakujua tena kazi hii. DOS 5 ya mwaka 1991 ilikuwa imekwisha kulegeza FORMAT yenyewe: kwa disketi iliyokwisha kufomatiwa, ilisafisha orodha na jedwali bila kuandika upya data, na UNFORMAT iliweza kurudisha vilivyokuwemo.

Disketi za miaka ile bado zipo katika makabati ya ofisi na nyumba nyingi, na baadhi zina maandishi yasiyo na nakala nyingine. Anayetaka kuzisoma leo aanze kwa kukagua dirisha kama kuna kuvu, kisha azibe pengo au asukume kitelezi ili zisiandikwe kwa bahati mbaya. Nakala ya kwanza ichukuliwe ya disketi nzima, sekta kwa sekta, kabla ya kufungua faili lolote. Vipo pia vifaa kama Greaseweazle vinavyorekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe ili yafasiriwe baadaye. Disketi isipotambuliwa, kompyuta ya sasa huuliza kama mtumiaji anataka kuifomati. Jibu ni hapana, na disketi itolewe ikajaribiwe kwenye kiendeshi kingine, kwanza kile kilichoifomati kama bado kipo.